Rubondo kwa Miguu: Safari Nzuri Inayouzwa kwa Jina Lisilo Lake

Ninachokitathmini hapa ni kifurushi cha matembezi ya siku kadhaa katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambacho sisi, kundi la marafiki tunaoishi Mwanza, tuliuziwa na wakala mmoja wa utalii wa hapa mjini. Wakala huyo sitamtaja, kwa kuwa kasoro kubwa nitakayoieleza nimeiona pia katika matangazo ya wenzake kadhaa, na anayetaka kwenda Rubondo atanufaika zaidi akijua namna safari hii inavyouzwa kuliko akijua ni nani aliyetuuzia sisi. Kisiwa chenyewe kinastahili gharama na jasho lote. Tatizo ni kwamba kinatangazwa kama mahali pa kwenda kutazama sokwe, ilhali anayekwenda kwa miguu hupewa na kisiwa hiki kitu kingine kabisa, na mara nyingi kitu hicho hakitajwi hata kwa mstari mmoja katika karatasi ya wakala.

Tangazo letu lilikuwa na picha kubwa ya sokwe aliyemkodolea macho mpiga picha. Chini yake yaliorodheshwa yale yaliyomo katika bei: usafiri wa barabara, boti ya kwenda na kurudi, viingilio vya hifadhi, askari wa kutusindikiza, mahema, mpishi na chakula. Kwa herufi ndogo zaidi iliandikwa kwamba ada ya matembezi maalumu ya kufuatilia sokwe haimo na italipwa peke yake. Yaani mnyama aliyewekwa katika picha ndiye hasa ambaye bei haikumgusa. Rafiki yetu mmoja, ambaye ni mhasibu na huzisoma karatasi za namna hii kuanzia chini kwenda juu, aliliona hilo kabla ya sisi wengine kumaliza kuisifu picha, akapiga hesabu ya kila kipengele na kupata kwamba faida ya wakala ilikuwa karibu theluthi moja ya bei. Sioni ubaya katika faida hiyo, kwa sababu kupanga gari, boti, mpishi na vibali vya watu wengi ni kazi halali. Hata hivyo, msomaji ajue kwamba malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, na kwamba raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni anayelipa kwa dola. Kundi lenye mtu mmoja mvumilivu wa kufuatilia mambo linaweza kujipangia safari hii lenyewe.

Kwa barabara sina malalamiko. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, lile ghuba lililokuwa likiwakalisha watu kwenye foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi sasa huvukwa kwa dakika chache, juu ya daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kutoka hapo gari hupita Sengerema na Geita. Baada ya Geita kuna njia mbili za kuchagua, na uchaguzi huo una uzito kuliko mawakala wanavyokubali. Unaweza kwenda hadi mwalo wa Nkome, ambako safari ya gari inakuwa fupi zaidi lakini boti huchukua takriban saa mbili hadi kisiwani, au unaweza kuendelea hadi Muganza wilayani Chato na kuteremkia Kasenda, ambako maji yaliyobaki ni ya takriban nusu saa. Wakala wetu alichagua Nkome bila kutuuliza. Kwa mtu asiye na hofu ya maji hilo si neno, tena saa mbili za ziwani asubuhi zina raha yake. Lakini mmoja wetu alitumia saa hizo zote akiwa ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili na hakusema lolote mpaka tulipoteremka. Angeelezwa mapema kwamba Kasenda ipo, angechagua huko, na sote tungemfuata.

Boti yenyewe ilikuwa nzuri. Kila mtu alipewa jaketi okozi linalomtosha kabla ya kamba kufunguliwa, na nahodha alikataa kuondoka mpaka wote wawe wamelivaa na kulifunga. Kwa watu wa kanda hii, ambao wameishi na habari za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na kwa MV Nyerere mwaka 2018, hilo halihesabiwi kuwa adabu tu ya kibiashara, ni kipimo cha kwanza cha huduma. Nahodha huyohuyo ndiye aliyesisitiza tuondoke alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua mawimbi, na katika siku ya kurudi alirudia msimamo huo ingawa baadhi yetu tulitamani kunywa chai ya pili. Alama zote za usafiri wa majini nampa yeye.

Rubondo iko katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, mkoani Geita. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo la hifadhi ni takriban kilomita za mraba 457, karibu nusu yake ikiwa maji, na ndani yake kuna kisiwa kimoja kikubwa na visiwa vidogo kadhaa vinavyokizunguka. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kati ya kilomita 3 na 10, hivyo mtembeaji wa kawaida anaweza kukivuka kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi katika asubuhi moja. Makao ya hifadhi yako Kageye, upande wa mashariki. Kabla ya uhifadhi waliishi hapa wavuvi na wakulima wa Kizinza, ambao walihamishiwa bara na katika visiwa vya jirani katika miaka ya 1960. Mkazi wa Mwanza aliyezoea Saanane, hifadhi ndogo inayofikiwa kwa boti ya dakika chache kutoka mjini na kumalizwa kabla ya chakula cha mchana, asiifanye kuwa kigezo. Rubondo ina msitu unaofunika sehemu kubwa mno ya nchi kavu yake, na ndani ya msitu huo unaweza kutembea nusu siku bila kuliona ziwa, ingawa kila upande wako kuna ziwa.

Jambo linaloifanya Rubondo iwe mahali pa kutembea kwa miguu ni kwamba haina simba, haina chui na haina fisi. Wanyama wengine wakubwa, tembo na twiga wakiwemo, waliletwa na binadamu, pamoja na mbega weusi wenye manyoya meupe na sokwe wenyewe. Waliokuwapo tangu asili ni kama kiboko, mamba, pongo, nzohe (swala wa kinamasi), tumbili, kenge na fisi-maji. Kukosekana kwa simba hakumaanishi kwamba mtu anaweza kuzurura atakavyo. Ukiwa kwa miguu, tembo ndiye mwenye njia, na kila kundi linalotembea husindikizwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha.

Askari tuliyepangiwa ndiye aliyetufanya tuione thamani ya safari nzima, na kama ningelazimika kuichambua bei ya kifurushi kipengele kwa kipengele, sehemu kubwa ningemwekea yeye. Asubuhi ya kwanza, kabla ya hatua hata moja, alitueleza masharti yake bila kupamba: tutembee kwa mstari mmoja, tuzungumze kwa kunong'ona au tusizungumze kabisa, asiwepo wa kumpita yeye, na akiinua mkono kila mtu asimame palepale alipo hata kama mguu uko hewani. Mfukoni alikuwa na soksi kuukuu iliyojaa majivu. Kila baada ya mwendo fulani aliitikisa, akatazama majivu yanakoelekea, na mara kadhaa akabadilisha njia kwa sababu hiyo peke yake. Rafiki yetu anayefundisha jiografia, ambaye kwa kazi yake hupenda kueleza kuliko kuelezwa, aliuliza sababu, na jibu alilopewa lilikuwa fupi: upepo ukitoka kwetu kwenda mbele, tembo atajua tupo kabla sisi hatujajua yeye yupo.

Njia zenyewe si zile za kutengenezwa kwa mawe na vibao. Nyingi ni mapito ya tembo, mapana ya kutosha mtu mmoja na begi lake, yanayopinda bila sababu unayoiona na kunyooka ghafla yanapokaribia maji. Ardhi imefunikwa majani yaliyooza, nayo ni laini kwa magoti, lakini mizizi ya mikuyu iko juu ya udongo kila mahali na kamba za msituni huning'inia hadi usawa wa kifua. Vilima havitishi. Vile vya Msasa, upande wa kusini, ndivyo vilivyo juu zaidi, na kilele chao kiko karibu mita 350 tu juu ya uso wa ziwa, ambao nao uko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kinachochosha ni unyevu. Chini ya miti hewa haisogei, shati hulowa katika nusu saa ya kwanza na halikauki tena mpaka utoke ufukweni. Tulijifunza kuanza mapema sana, kupumzika katikati ya mchana, kisha kuendelea jua linapoinama.

Hapa niseme neno kuhusu mbung'o. Wapo, hasa katika sehemu za vichaka na uwazi, na wanauma kupitia kitambaa. Wadudu hawa huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wakala wetu, kwa ukarimu wake, aliwagawia wateja wake wote fulana za buluu iliyokolea zenye jina la kampuni mgongoni. Askari alizitazama, akatabasamu, akatushauri tuzibadilishe kabla ya kuingia njiani. Aliyeikataa nasaha hiyo alikuwa mmoja tu, naye alituhudumia sote bila kujua, kwa sababu mbung'o wa kundi zima walihamia kwake. Anayejiandaa kwa safari hii achague nguo za rangi ya udongo au majani makavu, mikono mirefu na suruali nzito, na fulana ya zawadi aivae mjini.

Upande wa magharibi, katika ghuba ya Mlaga, msitu huachia ghafla na unajikuta mbele ya maji yaliyotulia, mafunjo yamesimama pembeni, viboko wamezama hadi puani, na mamba wamelala mchangani kwa namna inayokufanya uelewe mara moja kwa nini hakuna anayeoga ziwani hapa. Ni mahali tulipokaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na hakuna aliyedai tuendelee. Furukombe ni wengi mno. Mlio wao husikika pande zote kuanzia alfajiri, kiasi kwamba siku ya mwisho tulikuwa tumeacha kuinua vichwa. Wapo minandi waliokaa juu ya miti mikavu wakiwa wametandaza mabawa, wapo kulastara na midiria, na ukibahatika, wapo kasuku wa kijivu, ambao walitolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu na kuachiliwa kisiwani mwaka 2000. Nzohe tulimwona kutoka kwenye kibanda cha kuchungulia wanyama, kusini ya Kageye, baada ya kungoja kimya kwa muda ambao mwalimu wetu aliutaja baadaye kuwa ndio mrefu kuliko wote aliowahi kukaa bila kusema. Mnyama huyu ana kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kukanyaga matope ya kinamasi bila kuzama, naye alitoka katika mafunjo, akala kidogo, akarudi. Kwangu mimi ndiye mnyama wa safari hii, wala hakuwamo katika tangazo.

Sasa sokwe. Hatukuwaona. Tuliwasikia, mara moja kwa mbali na mara nyingine karibu sana, kelele zinazopanda juu mpaka msitu mzima unaonekana kujibu, na tuliona viota vyao juu ya miti, vya kale vilivyokauka na kimoja chenye majani mabichi bado. Askari hakushangaa. Sokwe wa Rubondo si wa asili ya hapa: walikuwa 17, wameletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa juhudi za mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt, na walitoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Waliachiliwa bila kufundishwa namna ya kuishi porini, nao wakajifunza upya wenyewe kutafuta chakula na kusuka viota, wakazaa, na vizazi vilivyofuata vikakua vikiwakwepa watu. Kazi ya kuwazoesha kuvumilia kuwapo kwa binadamu imechukua miaka mingi, kwa kuwa msitu ni mnene na makundi yao huzunguka eneo kubwa. Anayewafuatilia kwa siku moja anaweza kuwapata au kuwakosa, hata akiwa amelipa ada yote. Kwa hiyo wakala anayeuza safari ya miguu Rubondo kwa picha ya sokwe aliyetulia mbele ya kamera anauza jambo ambalo si lake kulitoa. Wawili kati yetu walirudi na kinyongo kwa sababu hiyo, ingawa walikuwa wameona kila kitu nilichokitaja hapo juu. Wangeambiwa mapema kwamba wanakwenda kutembea katika msitu ambamo sokwe wamo, wasingekuwa na la kulalamikia.

Nakuja kwenye vifaa, ambako wakala hana pa kujitetea. Mahema yalikuwa ya zamani na turubai la juu lilivuja kwenye mishono usiku wa mvua. Zipu mbili hazikufunga mpaka mwisho, jambo ambalo kando ya ziwa lenye mbu halivumiliki, na magodoro ya kulalia yalikuwa membamba kiasi cha kuhesabu mizizi iliyo chini yako. Usiku uliofuata tuliomba kulala katika mabanda ya hifadhi kule Kageye, tukalipa nyongeza sisi wenyewe, na hapo tulipata vitanda, vyandarua na maji ya kuoga. Ningemshauri mtu yeyote apange hivyo tangu mwanzo, alale kambini pale tu anapohitaji kuwa mbali na Kageye alfajiri, na hema aende na lake, au alikague kwa kulisimamisha uani kwa wakala kabla ya kulipa malipo ya mwisho.

Chakula, kwa upande mwingine, kilinishangaza kwa uzuri. Mpishi alinunua sato mwaloni Nkome kabla ya kupanda boti, akawaweka katika deli lenye barafu, na kwa jiko la gesi lenye ndimi mbili alitupa sato wa kukaanga kwa ugali, maharage ya nazi, chapati za moto na chai ya tangawizi. Barafu ilipokwisha alihamia kwenye dagaa wakavu kwa nyanya na pilipili. Kosa lilikuwa moja, maji ya kunywa yalikadiriwa kwa watu wanaokaa kivulini, na siku ya matembezi marefu yalituishia kabla ya saa nane mchana, ikabidi kungoja yachemshwe na kupoa.

Nani aende? Mtu anayeweza kutembea saa tano au sita katika joto lenye unyevu akiwa na begi dogo mgongoni, ambaye haumizwi na ukimya, na ambaye hatapima siku yake kwa idadi ya wanyama waliopigwa picha. Anayetaka kuona tembo na twiga kwa wingi bila kushuka garini aende Serengeti, ambayo kwa sisi wa Mwanza lango lake la Ndabaka liko karibu kuliko Rubondo. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, njia zinapokuwa kavu.

Kabla ya kulipa, mwambie wakala akuandikie ni mwalo upi mtatumia, ni lita ngapi za maji kwa kila mtu kwa siku, mtalala wapi kila usiku, na kama ada ya kufuatilia sokwe imo au haimo. Omba pia askari apangwe mmoja kwa safari nzima badala ya kubadilishwa kila siku, kwa kuwa yule anayewajua watembeaji wake tangu siku ya kwanza huwapeleka mbali zaidi siku ya tatu. Na kundi lisizidi watu sita. Zaidi ya hapo mstari unakuwa mrefu, minong'ono inageuka mazungumzo, na aliye nyuma haoni kitu isipokuwa begi la mwenzake.